Waliobaki si mabaki

Kila baada ya miezi michache hujitokeza mtu akatangaza kifo cha makundi ya mashabiki wa klabu za Kenya. Ushahidi wake huwa uleule. Kundi la WhatsApp ambalo siku ya mechi lilikuwa haliipi simu nafasi ya kupumua, sasa hupitisha jumbe ishirini mpaka jioni, na nusu yake ni matangazo ya mikopo na dua za asubuhi. Wanaojitoa ni wengi kuliko wanaoingia. Klabu zenyewe zimehamia kwenye chaneli, ambako uongozi husema na shabiki hujibu kwa kikaragosi. Baada ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025 hoja hiyo ikapata makali mapya. Uwanja wa Kasarani ulifurika mpaka CAF, shirikisho la kandanda la Afrika, ikapunguza tiketi kwa sababu ya watu kuvamia milango, timu ya taifa, Harambee Stars, ikaifunga Morocco, wasiojua hata ligi yetu ina timu ngapi wakajifunza majina ya wachezaji wake. Kisha Madagascar wakatutoa kwa penalti, mashindano yakaisha, ligi ikarejea, na umati ule haukubisha hodi kwenye kundi lolote la klabu. Basi, wanasema, mapenzi ya mpira yapo tele ila makundi ya klabu yamekufa, na anayeendelea kukaa humo ni bawabu wa nyumba iliyohamwa.

Mimi ni mmoja wa mabawabu hao, kwa hiyo msomaji ajue mapema naegemea wapi. Nimo katika kundi la mashabiki wa AFC Leopards ambalo wakati mmoja lilikaribia kujaa na sasa tumebaki mia mbili na ushei. Pamoja na hayo nadhani watangazaji wa msiba wamezisoma dalili vizuri wakaukosea ugonjwa. Makundi haya hayakuishiwa mapenzi, yameishiwa kazi. Shughuli ambazo yalizibeba kwa miaka mingi zimechukuliwa moja baada ya nyingine na wenye mitambo na fedha, na waliokuja kwa ajili ya shughuli hizo wameondoka nazo. Hilo si la kulilia. Swali lenye uzito ni ipi iliyobaki ambayo hakuna mwingine ataifanya, na kama sisi tuliobaki tunaifanya au tunakaa tu kungoja timu ishinde.

Kundi la simu halikuanza na simu. Klabu hii ilizaliwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, kwa kuunganisha timu ndogondogo za watu wa magharibi ya Kenya: Marama, Kisa, Bunyore, Tiriki, Samia, Bukhayo na nyinginezo. Nyuma ya kila jina walikuwepo watu waliokutana mjini wakiwa mbali na kwao, wakajuana kwa koo na kwa vijiji, wakachangiana mmoja wao anapofiwa ili mwili ufike nyumbani, na mwisho wa wiki wakaenda kuwashangilia vijana wao. Mpira ulikuwa mlango wa mbele wa nyumba hiyo, haukuwa nyumba yenyewe. Mwaka 1980, serikali ikiwa haitaki tena majina ya kikabila michezoni, ndipo likaja jina la AFC Leopards. Na kwa kuwa leopard ni chui, na chui kwa Kiluhya ni ingwe, jina ambalo timu huitwa na watu wake, kwa mashabiki hakuna kilichopotea. Miaka iliyofuata ndiyo wazee wanayoisimulia bila kuchoka: kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati (CECAFA) mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984, isikuti, ngoma ya Waluhya, ikilia jukwaani, na ushindani na Gor Mahia, klabu yenye mizizi kwa Waluo, ambao baadaye ulipewa jina tamu kuliko mengi katika kandanda ya Afrika, gozi la Mashemeji, kwa sababu Waluo na Waluhya wameoana vizazi na vizazi na siku ya mechi kuna meza nyingi zenye sinia moja na jezi mbili.

Taji la ligi la 1998 lilifuatwa na ukame wa zaidi ya robo karne. Katikati ya miaka ya 2000 timu ilishuka daraja, ikarejea ligi kuu mwaka 2009. Kombe la mtoano ililitwaa 2013 na 2017, na kwa kijana aliyezaliwa baada ya 1998 hizo ni miongoni mwa siku chache alizoona nahodha wake akiinua kitu. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa, baada ya kunyimwa leseni na serikali, ilifuta udhamini wake wote wa michezo nchini, na klabu ikaamka asubuhi haina mfadhili. Kampuni nyingine ya kamari ikaja 2020, nayo haikukaa. FIFA ikaizuia klabu kusajili wachezaji kwa sababu ya malimbikizo ya kocha na wachezaji wa kigeni, kisha kuanzia Februari hadi Novemba 2022 ikaifungia Kenya nzima. Viwanja vikubwa vya Nairobi vikafungwa kwa ukarabati, timu zikawa za kuhamahama. Anayeitazama orodha hiyo kwa utulivu hatashangaa kwamba watu walitoka. Atashangaa kwamba katika miaka hiyohiyo ya dhiki ndipo makundi yalipokuwa na kelele nyingi kuliko wakati wowote. Kama kushindwa kwa timu ndiko kunakoua kundi, yangekufa 2019. Hayakufa. Yalianza kunyamaza hali ilipoanza kuwa afadhali kidogo, na hapo ndipo maelezo ya kawaida yanapovunjika.

Tazama runinga. SuperSport walijiondoa katika ligi yetu mwaka 2017, baada ya mvutano wa kuongeza idadi ya timu kutoka 16 hadi 18, na kwa vipindi virefu mpaka runinga ya Azam walipoingia mkataba mwaka 2023, mechi nyingi hazikuonyeshwa popote. Katika pengo hilo kundi la WhatsApp ndilo lililokuwa redio. Mtu mmoja aliyefika uwanja wa Bukhungu au wa Machakos alibeba macho ya wengine wote: dakika ya 63, bado sufuri, mwamuzi ametunyima penalti, betri yangu inaisha. Tulikuwa na mwenzetu Doha, mlinzi wa usiku, ambaye kila robo saa alituma nukta moja tu, maana yake nijulisheni. Mtu wa aina hiyo hakuhitaji kuipenda klabu zaidi ya wengine. Alihitaji matokeo, na matokeo yalikuwa kwetu peke yetu. Leo matokeo yapo kwenye programu za kubeti kabla mfungaji hajamaliza kushangilia, picha zipo Azam, habari za usajili zipo kwenye kurasa za klabu, na tangu WhatsApp ilete chaneli mwaka 2023 uongozi unamfikia shabiki bila kupitia kwa msimamizi wa kundi lolote. Waliokuja kutafuta matokeo wamepata pa kuyapata. Mtu akichimbiwa kisima uani na akaacha kuja mtoni, hatusemi ameyachukia maji.

Kuna sababu nyingine, ya kimtambo zaidi, ambayo sijaona ikizungumzwa. Tangu 2016 WhatsApp iliruhusu watu 256 katika kundi moja. Likijaa moja lilizaa la pili, na kila moja lilikuwa na mtaa wake: watu wa Kawangware, watu wa Kakamega mjini, watu wa Ghuba, watu wa chuo fulani. Mwaka 2022 kikomo kikapandishwa hadi 512, halafu hadi 1024, na wasimamizi wengi wakaunganisha makundi kwa furaha ya kuona namba ikipanda. Lilikuwa kosa. Watu 200 hujuana. Atakayetukana ataonwa na mjomba wake. Watu 1,000 ni stendi ya matatu. Watano wenye bando nyingi huzungumza, mia tisa hunyamazisha arifa, na anayeandika jambo la maana hulikuta limezikwa chini ya vichekesho kabla hajarudi kuona majibu. Kushuka kutoka hapo hadi mia mbili na ushei, ambako watu huandika kama kifo, mara nyingi ni kundi kurudi kwenye ukubwa wake wa asili. Sisemi kila kushuka ni afya. Nasema anayehesabu vichwa peke yake amechukua rula kupima uzito.

Kazi iliyobaki ni ileile ya 1964. Anapofiwa mwanachama, namba ya mchango hutumwa, mhazini huorodhesha majina na kiasi, na kufikia jioni kuna nauli, kuna turubai, kuna mtu wa kukesha matangani. Azam hawafanyi hivyo. Chaneli haiwezi kufanya hivyo hata ikitaka, kwa kuwa katika chaneli wafuasi hawajuani. Nimeona kundi likilipa bili ya hospitali ya mchezaji wa zamani ambaye vijana wote humo hawakuwahi kumwona akigusa mpira. Walichokijua ni kwamba mzee mmoja wa kundi alisema yule alitufungia, na neno lake likatosha. Nimeona wachezaji wa timu ya vijana wakinunuliwa viatu kwa fedha zilizoingia shilingi hamsini hamsini. Kiuchumi ni vitu vidogo, lakini ukiviweka kwenye mizani ya klabu ambayo mfadhili wake anaweza kuondoka kwa barua moja, si vidogo hata kidogo. Mfadhili alipoondoka 2019, waliojua jinsi ya kukusanya fedha kutoka kwa watu mia mbili kwa siku moja walikuwa ni wale wale waliozoea kuzika pamoja.

Halafu kuna kumbukumbu. Picha bora za miaka ya themanini nilizowahi kuziona hazikutoka kwenye makabati ya klabu, zilitoka kwenye masanduku ya bati, zikapigwa picha kwa simu na mjukuu na kuletwa kundini saa nne usiku. Mara zikazuka hoja: huyu wa pili kushoto ni nani, jezi hii ni ya mwaka gani, nani alikuwa langoni. Ndani ya saa moja wazee watano walikuwa wamejenga upya mechi nzima, wakabishana juu ya bao moja, wakapatana. Siku iliyofuata mmoja wao alipoteza simu, na nakala yake ya mazungumzo ikapotea nayo. Hapa ndipo tunapojidanganya sisi wenyewe tuliobaki. Tunasema tunatunza historia, nasi tumeiweka mahali ambapo anayeingia leo hawezi kuona ya miaka iliyopita, na ambapo simu ikianguka kwenye beseni inakwenda na nusu karne. Uaminifu wa namna hiyo ni wa kukaa, na kutunza ni kazi nyingine kabisa inayotaka mtu wa kunakili, mahali pa kuhifadhi na subira ya kuandika majina nyuma ya picha.

Sasa nije kwa wanaosema tutoke. Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni hii: shabiki anayebaki bila masharti humlea kiongozi mbaya. Kila timu inapoharibikiwa wapo watakaochanga, kila mshahara unapocheleweshwa wapo watakaonunua tiketi mbili badala ya moja, na kiongozi aliyeharibu hujifunza kwamba shimo lolote atakalochimba litafukiwa na watu wenye mapenzi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Siwezi kuipuuza hoja hii kwa kuwa nimeiona ikitendeka. Nimeona pia kundi ambalo msimamizi wake alipoahidiwa cheo aligeuka mara moja, kila aliyeuliza hesabu akaondolewa, na kundi likabaki kwaya ya kusifu. Kukaa ndani ya kwaya hiyo hakukuwa uaminifu kwa yeyote isipokuwa mwimbishaji.

Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba kuondoka kunasikika. Kunasikika dukani, ambako mwenye duka huhesabu wateja kila jioni. Katika klabu ya wanachama, ambako viongozi huingia kwa kura, anayejiondoa kimya hasikiki. Amepunguza tu idadi ya wanaoweza kumwondoa aliyemkera. Kiongozi mbovu hana rafiki mkubwa kuliko mkutano mkuu wenye viti vitupu. Kwa hiyo anayetaka kuwaadhibu viongozi kwa kutoka kundini ana uwezekano mkubwa wa kuwazawadia, hasa kama kadi yake ya uanachama haijalipiwa na hajawahi kupiga kura. Dawa ya uaminifu usio na masharti ni kuuwekea masharti: mchango hautoki bila hesabu ya mchango uliopita, kiongozi hasifiwi kundini kabla hajajibu maswali kundini, na msimamizi akigombea cheo anaachia usimamizi siku hiyohiyo. Kundi dogo linalojuana linaweza kusimamia hayo. Lile la watu 1,000 halikuweza, na sidhani ni bahati mbaya kwamba kelele zilipokuwa nyingi ndipo hesabu zilipokuwa chache.

Hoja ya pili ni ya siasa na ukabila, nayo naipa nusu ya haki yake. Jina lilibadilishwa 1980. Mizizi haikubadilishwa, na katika uchaguzi wa 2017 na wa 2022 makundi mengi ya mpira yaligeuka majukwaa ya mambo mengine kabisa. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano na Tume ya Uwiano na Utangamano zilitoa mwongozo uliowabebesha wasimamizi wajibu wa kudhibiti yanayosemwa kwenye makundi yao, na wapo walioogopa wakafunga mjadala wote kwa miezi. Watu waliotoka wakati ule walitoka kwa sababu nzuri, sitawaita wasaliti. Ila tusisahau upande wa pili wa jambo hilo. Kuna sehemu chache nchini ambako Mluo na Mluhya, tena wakiwa na wagombea tofauti, wana sababu ya kutukanana kwa kucheka kila wiki. Katika 2017 niliyoyaona mabaya kuliko yote yalikuwa kwenye makundi ya familia na ya shule, ambako hakukuwa na mechi ya kesho ya kubadilisha mada.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba mwenye akili hufuata mpira mzuri, Ligi ya Uingereza ipo kiganjani, ya nini kujitesa na timu isiyo na uwanja. Kama watu wangefuata ubora na ushindi, makundi ya Manchester United hapa Nairobi yangekuwa yamefungwa zamani. Taji lao la mwisho la ligi ni la 2013. Msimu wa 2024/25 walimaliza nafasi ya 15, wakapoteza fainali ya Europa mbele ya Tottenham, na mashabiki wao wa Umoja, Nyali na Eldoret hawakwenda popote. Waliongeza matusi, wakabaki. Arsenal walingoja zaidi ya miaka 20 baada ya 2004. Liverpool walingoja 30, kutoka 1990 hadi 2020, na waliokuwa wakivaa jezi yao katika vibanda vya mpira vya miaka hiyo ndio waliolia kwa furaha siku ilipofika. Kwa hiyo anayemcheka shabiki wa Ingwe kwa kukaa na timu isiyoshinda, mwenyewe ana timu isiyoshinda anayokaa nayo. Tofauti ni kwamba ya kwake inaonyeshwa vizuri.

Na tofauti ya pili ni kubwa zaidi. United wakipoteza shabiki mmoja wa Umoja hawatajua. Hawamhesabu kwenye kura, tiketi yake hailipi mshahara wa mtu, akifiwa hawatasikia. Kule ni tone baharini. Klabu ya hapa nyumbani ikipoteza watu mia mbili waliozoea kulipa mlangoni, kupiga kura na kuchanga, pengo linaonekana kwenye daftari la wiki hiyohiyo. Kama uaminifu ni kitu cha kutumia kwa busara, kama wanavyopenda kusema washauri wetu, basi utumike mahali unapopima kitu.

Sitaki pia kufanya kukaa kuwa ibada. Ipo namna ya kuondoka ambayo ni uaminifu wa hali ya juu. Mwaka 2002 klabu ya Wimbledon ya kusini mwa London iliruhusiwa kuhamia Milton Keynes, karibu kilomita 90 kutoka kwao. Mashabiki hawakuifuata, na hawakutawanyika. Walianzisha AFC Wimbledon, wakafanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa umma, wakaanza daraja la tisa, wakafika ligi ya kulipwa mwaka 2011, na Novemba 2020 wakarudi kucheza Plough Lane, mtaa wa nyumbani kwao. Waliiacha klabu, hawakuachana. Karibu na kwetu, Pamba ya Mwanza ilikaa nje ya Ligi Kuu ya Tanzania zaidi ya miaka 20 kabla ya kurejea 2024, na ilipopanda ilikuta watu mjini wanaojua nyimbo zake, maana timu inaweza kushuka daraja bila watu wake kuacha kukutana. Mifano hii miwili inaelekea pande tofauti, mmoja wa kutoka na mwingine wa kungoja, lakini kilichookolewa ni kilekile: mtandao wa watu wanaoweza kutafutana. Kundi likiwa na mtandao huo, namba yake na jina la programu linalotumia si hoja. Likiwa halina, hata likiwa na watu 1,024 ni orodha ya namba za simu.

Ndiyo maana miezi ijayo inanitia wasiwasi kuliko ukimya wa miaka iliyopita. Mwaka 2027 Kenya itakuwa mwenyeji wa AFCON pamoja na Tanzania na Uganda, na Agosti ya mwaka huohuo tutapiga kura. Wanasiasa wamekuwa walezi wa klabu zetu tangu zamani, na mkono mtupu haulambwi. Watakuja na mikono iliyojaa. Kundi dogo, tulivu, lenye watu wanaoaminiana na mhazini anayejulikana ni mali adimu wakati wa kampeni kuliko ukurasa wenye wafuasi laki moja, kwa sababu ukurasa hausafirishi watu na kundi husafirisha. Bei ya makundi ambayo leo yanaitwa mizoga itapanda ghafla. Basi litakodiwa, jezi zitanunuliwa, na kwa wiki chache jumbe zitarudi kuwa mia tano kwa siku. Watangazaji wa msiba wataandika kwamba makundi yamefufuka. Itakuwa makosa yaleyale, kwa rula ileile. Tutakaokuwa na uwezo wa kukataa basi hilo, au kulipanda na bado kudai hesabu za klabu, ni wale tu tuliokuwa tunafanya kazi wakati hakuna aliyetazama.

Kwetu jambo hili lina tarehe. Msimamizi wetu, mwalimu mstaafu, ametangaza kwamba mwisho wa mwaka ataachia funguo. Macho yanamsumbua na wajukuu ni wengi. Ameandika kazi zenyewe kwa mpangilio wa ubaoni: daftari la michango, orodha ya waliolipia kadi za uanachama, namba za wazee wenye picha, majina ya wachezaji wa zamani wanaougua. Akaongeza kwamba kuondoa matangazo ya mikopo si kazi, ni adhabu. Ujumbe umesomwa na karibu watu wote. Waliojitolea mpaka sasa ni wawili: mimi, nimeomba picha, na yule mlinzi wa Doha, ambaye hahitaji tena kutuma nukta kuuliza matokeo. Yeye ameomba daftari. Anasema usiku wa huko ni mrefu.